Leso ya Mkono wa Kushoto

Nilipokuwa mtoto wa miaka sita hivi, kule mtaani Chechelesi, mkono wangu wa kushoto ulikuwa na leso yake. Chakula kikikaribia, nyanya yangu, ambaye sisi Wasomali wa mjini tulimwita Ayeyo, aliniita na kuufunga mkono ule kiunoni, mafundo mawili.

"Shetani anakulanga na hiyo," alisema. "Ukiiweka kwa sinia, baraka inatoka. Watu wote wataamka na njaa."

Nilimwamini, na binamu zangu walimwamini zaidi. Wao walizunguka sinia la wali, mimi nikapewa sahani ya bati pembeni mpaka mkono wa kulia ushike adabu. Nao haukuwa na haraka. Wali ulimwagika kifuani, kuku wakanizoea. Idi ilikuwa inakaribia, na nililia kwa siri kila nilipofikiria kuila peke yangu.

Mchana mmoja mbuzi wa jirani, mwizi sugu yule, aliingia uani akachomoa anjera, mkate wetu laini wa kumimina, ule wa juu kabisa kwenye rundo. Ayeyo alivua sapatu na kuirusha kutoka mlango wa jiko. Ikampata katikati ya pembe! Nilishangilia, halafu nikautazama mkono wake. Alikuwa ameirusha kwa kushoto.

"Ayeyo, hata wewe?"

Alitazama langoni kwanza, kama kuna mtu. Kisha akaja kuketi karibu nami, macho yamelowa.

"Mama yangu alinifunga na kamba ya ngamia," alisema. "Ilinikata. Wewe nakufunga na leso. Hii kitu ya kushoto umetoa kwangu, mama."

Leso haikuondoka. Ila tangu siku hiyo Ayeyo alikula nami kwenye sahani ya bati, akiongoza vidole vyangu vya kulia kimoja kimoja. Idi ilipofika niliketi kwenye sinia, nimebanwa na binamu pande zote, na nilikula mpaka nikashindwa kusimama. Nilipoanza shule nikamuuliza kuhusu kalamu.

"Andika na ile inataka," akasema. "Shetani hasomi."

Leo mwanangu wa pili ni wa kushoto. Rafiki yangu anayefundisha baiolojia ameniambia jambo hili hurithiwa kwa sehemu tu: vinasaba vingi vinachangia, kila kimoja kidogo, na mengine hutokea kwa bahati tu mtoto akiwa bado tumboni. Hakuna awezaye kunyooshea mtu kidole. Wajukuu wa Ayeyo tulikuwa kumi na mmoja, na wa kushoto nilikuwa mimi peke yangu.

Miaka yote hiyo nilidhani Ayeyo alikuwa akigombana na shetani. Kumbe maskini, alikuwa akiniomba msamaha, kila siku wakati wa chakula, kwa kosa ambalo hakulitenda. Nampenda kwa hilo, na linaniuma. Angekuwa hai ningemwambia hajanikosea kitu. Na kama kweli ni yeye aliyenipa, ningemshukuru, maana sura nilichukua kwa watu wengine.