Siku Moja Niliyoililia Salala

Enzi zetu sisi watoto wa Kizanzibari tuliokulia Maskati, safari ilikuwa safari kweli, si hii yenu ya kupanda ndege asubuhi na jioni umesharudi kitandani kwako. Ukiambiwa Salala, kule kusini kabisa mwa Omani, basi ni kutwa nzima jangwani, watoto watano kiti cha nyuma, mapaja yamenata kwenye plastiki, mama mbele kakumbatia chupa ya chai na bakuli la katlesi. Ukitapika, unapigwa kwanza, kisha ndiyo unafutwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi yangu mzaa baba tulikuwa tukikaa naye, na siku zile alikuwa hajiwezi, kifua kimembana. Baba ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, hakutaka kumwacha. Bibi mwenyewe akamsukuma. "Skuli zimefungwa, wapeleke watoto wakaone ubani unakotoka," alimwambia. "Mimi nnaye Zuwena hapa. Siku tatu tu, mrudi." Zuwena ni shangazi yetu.

Siku ya tatu, huko Salala, baba kashapakia mizigo garini, mimi nikaangua kilio kwamba mti wa ubani sijauona. Nilikuwa mtoto wa kudeka, nikitaka kitu sikomi. Nikaing'ang'ania kanzu yake: siku moja tu, baba, moja tu! Mama akasema, "Usimsikilize huyo, turudi kwa mgonjwa." Baba alinitazama, akaanza kushusha mizigo.

Na siku yenyewe, wallahi, ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Manyunyu hayakatiki, milima kijani kitupu, hujui kama ni Omani hii hii. Tulikwenda kwenye magofu ya bandari ya kale, walikokuwa wakipakia ubani kwenda nchi za mbali, nasi tukacheza nage, tukilengana kwa mpira baina ya kuta zilizobomoka. Mji wa pwani wa Mirbat tukala papa wa kuchoma, vidole vikanuka mpaka kesho yake. Na huo mti nilioulilia, loo! Kijiti kimepinda juu ya mawe. "Ndiyo huu?" nikauliza, na baba akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee mmoja akakwangua gome kwa kisu, likatoka tone jeupe kama maziwa. Baba akanunua mfuko mzima kwa ajili ya Bibi, nikaupakata mimi njia yote ya kurudi.

Tulifika Maskati kesho yake magharibi. Mlango wetu ulikuwa wazi, viatu vimejaa kizingitini. Nikadhani wageni. Nikawatangulia wenzangu mbio, nikapiga kelele: "Bibi! Tumekuletea ubani!"

Kwetu Waswahili ubani hupelekwa penye msiba, ndiyo mkono wa pole. Wanawake waliokaa mkekani wakanigeukia wote. Mmoja akasema, "Astaghfirullah, mtoto huyu!" Shangazi Zuwena akatoka chumbani, macho mekundu, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Kaka, tumemzika leo baada ya adhuhuri," alimwambia baba. "Hatukujua tukupate wapi. Kutwa jana alikuwa akikuita."

Jana, nilipokuwa nikicheza nage. Tungeliondoka siku tuliyoahidi, baba angelimkuta mamake hai.

Baba hakulia. Alikaa chini pale pale penye viatu vya watu, akauliza, "Nani kamshusha kaburini?"

"Majirani," shangazi akajibu.

Siku hizi wanangu wakienda Salala, mti wa ubani hata hawaugusi. Wanaupa mgongo wajipige picha, na ukiwauliza wameona nini, lazima kwanza watazame simu! Nawacheka, lakini wivu nnao. Mgonjwa wao akizidiwa, wataambiwa papo hapo, watageuza gari. Sisi tulikuwa na michezo, tulikuwa na wazee ndani ya nyumba, na habari ilikuwa ikitungoja mlangoni.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mama alitaka kunisema usiku ule ule, naye akamkataza: "Muache, ni mtoto." Hakunigombeza siku ile wala siku nyengine yoyote. Lau angelinichapa, ningelilia, yakaisha. Sasa baba hayupo, mimi mwenyewe nna umri wa Bibi, na bado nnangoja mtu wa kunigombeza.