Fatiha ya Fuksia

Nimekana miaka mingi, lakini ni kweli: niliwahi kulisomea ua Fatiha. Kaka yangu alinitangaza kwenye kila harusi ya ukoo. "Shehe wa maua huyo!" Nami, na shahada zangu mbili, nikawa nadai ananisingizia.

Juzi nilimwona jirani akifunika fuksia zake kwa majani makavu, nikaisikia tena harufu ya udongo baridi na nanaa. Nilikuwa mtoto, na Mama alikuwa amechuchumaa kwenye kibustani nyuma ya nyumba yetu huku ughaibuni, akikata matawi ya fuksia karibu kabisa na ardhi. Maua ya begonia aliyoyapanda kando yake yalishalegea kwa baridi. Maua mekundu ya fuksia, yaliyoning'inia kama vipuli tangu kiangazi, yalitapakaa chini. Alilifukia shina kwa majani, akalipigapiga taratibu, huku akilia kimyakimya. Nikajua ua limekufa. Nikasimama pembeni yake, nikainua viganja, nikasoma Fatiha kwa sauti bila kuruka aya. Mama hakucheka. Alinishika kichwa kwa mkono wenye udongo.

Leo najua fuksia ile hulala tu, ikachipua tena baridi ikiisha. Jana nikampigia Mama simu kumtania.

"Mama, kweli ulikuwa unalilia ua?"

"Asubuhi ile walinipigia kutoka Tanga. Bibi yako alikuwa anazikwa siku hiyohiyo, nisingewahi. Sikujua niwaambieje nyinyi." Akavuta pumzi. "Wewe ndiye uliyemsomea, mwanangu."