Mfumo Usiokubali Kusahihishwa

Meneja aliniita akaniambia niandike ripoti ya kurasa mbili kulinganisha mifumo miwili ya kompyuta, nguvu za kila mmoja na udhaifu wake. Mimi kwa upumbavu wangu nikaona nimeheshimiwa. Nilikuwa karani wa ghala na kumbukumbu katika kiwanda cha nazi, ukitoka Malindi kuelekea Magarini. Kazi yangu ilikuwa kuandika: nazi zilizoingia, mafuta yaliyotoka, nani kaja kazini, nani kaumia, glavu ngapi zimetolewa. Nimeandika kwa mkono miaka kumi na mmoja, na hati yangu ni nzuri, anayebisha na aje aione.

Mifumo yenyewe ni ile inayotaka kumeza kampuni nzima. Ghala, manunuzi, mishahara, mahudhurio, hata ajali, vyote chungu kimoja, na ukiandika jambo mara moja laonekana katika kila ofisi. Wa kwanza ulitoka ng'ambo, ukaletwa na mshauri wa Nairobi mwenye viatu vilivyochongoka ambaye kila siku aliuliza mbona huku kuna joto. Wa pili uliundwa na vijana wawili wa Mtwapa, waliokuja kwa pikipiki na kompyuta moja ndani ya mkoba.

Nikapewa wiki tatu niijaribu yote miwili. Ule wa ng'ambo ulikuwa na makuu. Kumpa mtu jozi moja ya glavu ulitaka nijaze visanduku kumi na kimoja, na kimojawapo kiliniuliza glavu hizo ni za kituo gani cha gharama. Kituo hicho sijapata kukutana nacho hadi leo. Mtandao ukikatika, nawe umekatika. Tena ulijua nazi moja tu. Kwetu kuna dafu, kuna koroma, kuna nazi kavu, kuna mbata, na mtoto wa miaka mitano akitumwa moja haleti nyingine. Mshauri akasema tuzipe nambari, basi dafu likaitwa mia moja na tatu. Lakini nisiwe mnafiki, ukishajazwa ulikuwa hodari. Magunia yakikaribia kwisha, ofisi ya manunuzi ilijua kabla yangu, na hakuna aliyekuja kunipigia kelele ghalani.

Wa Mtwapa ulikuwa mpole. Ulisema Kiswahili, na dafu ndani yake lilikuwa dafu. Mtandao usipokuwapo ulifanya kazi vilevile, na ukiharibika unampigia kijana simu, anacheka kidogo, anautengeneza. Ila ulikuwa mlegevu kupita kiasi. Siku moja ulinionyesha kwamba nimetoa ghalani magunia arobaini ya mbata ambayo hayajawahi kuingia, na haukuona haya. Tena yeyote mwenye neno la siri aliweza kurudi nyuma akabadili cha jana, cha juzi na cha mwaka jana.

Hilo la kubadili lilinichoma mahali pabaya. Mwaka uliotangulia mtu alipaka dawa nyeupe ya kufutia juu ya daftari langu, akageuza tarakimu, na mimi nikaitwa mwizi mbele ya watu siku nne nzima mpaka mambo yakabainika. Hakuna aliyeniomba radhi, hata kwa kikohozi. Kwa hivyo nilipoketi kuandika ripoti, sikuandika kwa ajili ya kiwanda, niliandika kwa hasira zangu. Nikaandika kwamba nguvu kuu ya mfumo wa kwanza ni kuwa jambo likishathibitishwa hakuna awezaye kulibadili. Nikaandika kwamba udhaifu mkuu wa mfumo wa pili ni kuwa unakubali kusahihishwa. Nazikumbuka sentensi hizo neno kwa neno kwa sababu meneja alizisoma kwa sauti mkutanoni, akazisifu. Wa ng'ambo ukashinda, na wale vijana wakarudi Mtwapa na pikipiki yao.

Mwezi wa tatu tangu tuanze kuutumia, ajali ikatokea. Kulikuwa na mama mmoja wa bara ya Magarini, rika la mamangu mdogo, aliyekuwa akisimama kwenye mashine ya kukunia nazi. Alianza kazi pale kwenye kifuo, akifua nazi kwa mikono yake, kabla kiwanda hakijanunua mashine hata moja. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba mwanangu, kisha akaniuliza kama nimekula, na nikisema sijala alinigombeza. Siku hiyo mashine ilimshika mkono wa kulia. Ilimla vidole viwili na kukivuruga kidole gumba. Nilikuwa wa kwanza kumfikia, nikamfunga mkono kwa leso yangu, na nikiwa namfunga nikaitazama saa ya ukutani, sijui kwa nini mtu hutazama saa wakati kama ule. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi.

Mtandao ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hivyo hata mahudhurio ya siku ile hayakuingia. Gari la kiwanda likampeleka mama hospitali. Alasiri mtandao ukarudi, nikaketi kujaza fomu ya ajali ndani ya mfumo, damu yake imekauka kwenye mkono wa buibui langu. Nikafika kwenye kisanduku cha saa. Nikaandika kile kilichokuwa kichwani mwangu: 4:10.

Mtu wa pwani ameshaona. Saa nne yetu ya asubuhi, kwenye saa ya Kizungu ni kumi. Jicho lasoma kumi, ulimi wasema nne, na sisi twavuka kati ya hizo mbili tangu utotoni bila kufikiri, kama unavyovuka kizingiti cha kwenu. Siku ile sikuvuka. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo, ukafunga. Kwake yeye mama aliumia usiku, wakati kiwanda kimefungwa na mbwa wa walinzi wamefunguliwa.

Sikujua. Nilijua baada ya wiki sita, barua ya watu wa bima ilipofika. Ilisema hawatalipa, maana ajali imetokea nje ya saa za kazi, tena wakaomba kiwanda kieleze mfanyakazi huyo alikuwa akifanya nini karibu na mashine wakati ule. Msimamizi mmoja, mtu mzima na ndevu zake, akathubutu kusema huenda mama alikuja kuiba mafuta. Nilitamani kumtemea mate. Watu walimwona mama akivuja damu mchana kweupe, huyo msimamizi mwenyewe akiwamo, lakini karatasi ilikuwa imesema.

Bila bima hapakuwa na upasuaji wa pili. Daktari alikuwa ameeleza waziwazi: kidole gumba chaweza kurudi kazini kikikatwa na kuungwa upya mapema, na kikicheleweshwa kitakakamaa hivyo hivyo milele. Mama alikuwa hawezi kushika kisu, hawezi kujifunga leso. Nilipokwenda kwake kumjulia hali aliniambia, "Ile mashine yenu ya ofisini imeniandika mwizi." Nami nikasema, "Ndiyo mama, ile mashine." Nikanywa maji yake, nikaondoka. Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo manne natamani kujizaba kofi.

Nikamwendea mshauri. Nikamweleza kwamba nimekosea mimi, afungue nibadili tarakimu moja. Akasema, "Hiyo mwezi ilishafungwa, madam. Haiwezi rudi nyuma." Nikamuuliza mwezi ni duka, ufungwe usifunguke? Akasema kuufungua kwataka idhini ya makao makuu ng'ambo, na makao makuu hutaka ushahidi wa maandishi wa siku ile ile. Kisha akacheka kwa wema, nao ndio ulioniudhi zaidi, akasema, "Na si ni wewe uliandika hii ndiyo nguvu yake?"

Nilimchukia, nikaichukia kompyuta yake na viatu vyake, lakini sentensi ilikuwa yangu.

Nikaandika barua kwa meneja, nikakiri kosa kwa maandishi na kutia sahihi, nikijua kwamba naweza kufukuzwa. Akaitisha kikao, tukaketi ofisini kwake saa tatu: yeye, mshauri, msimamizi mwenye ndevu, na mimi. Meneja huyo si mgeni. Ni mwana wa mji, mtoto wa Malindi, tumekaa mkeka mmoja chuoni tukisomeshwa Kurani na mwalimu mmoja. Mama naye aliletwa na mwanawe wa kike, akaambiwa angoje nje kwenye benchi.

Kwa vile walitaka maandishi ya siku ile ile, nilikuwa nimeomba kitabu cha langoni. Bawabu wetu ni mzee asiyeandika saa ila kwa namna aliyozaliwa nayo. Meneja akakifungua, akapitisha kidole, akasoma: "4.20, gari limetoka na mgonjwa." Akanyanyua uso. "Mbona kitabu chakubaliana na mfumo?"

Nilidhani anatania. Nikamwambia asome mstari wa juu yake, ulioandikwa kwamba wafanyakazi wameingia saa 2.00. Nikamuuliza, "Kiwanda kilifunguliwa usiku wa manane? Watu mia waliingia gizani kuja kukuna nazi?" Mshauri akadakia, akasema kitabu cha langoni si sehemu ya mfumo, hawezi kukitegemea kwa mahudhurio. Yaani mstari mmoja wa kitabu ni ushahidi, na mstari wa juu yake ni wino tu. Nikasema mashahidi wapo, watu thelathini walimwona. Msimamizi akasema hao ni wenzake, watasema lolote. Nikamwambia nawe ulimwona. Akaangalia kucha zake.

Wakazungumza kwa muda mrefu kuhusu utaratibu. Meneja alisema anamhurumia sana mama, lakini akipeleka ng'ambo ombi la kufungua mwezi kwa sababu karani hajui saa, watamwona yeye ndiye hajui kazi, na mfumo ndio kwanza una miezi mitano. Alisema tumtafutie mama mchango kidogo. Kisha akaamua: ombi halitapelekwa, saa iliyoandikwa ibaki ilivyoandikwa. Nilimwangalia usoni nikitafuta yule mtoto wa chuoni, sikumwona.

Hapo akatazama saa yake ya mkononi, akafunga kitabu cha bawabu, akasema, "Haya, saa nne hii, tukanywe chai."

Wakainuka. Mshauri naye, mtu wa Nairobi, akainuka bila kuuliza, maana naye ajua vizuri sana. Nikabaki kitini. Nikasema, "Saa nne ipi, bwana?"

Msimamizi aliyekuwa ameshika kitasa alisita, meneja akasimama mkono wake mezani. Alinielewa, naapa alinielewa, uso ulimbadilika. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Usinifanyie hivyo mbele ya watu," akatoka, na wengine wakamfuata. Nikawasikia huko nje wakiulizana kama leo kuna mahamri.

Nikatoka kwa mlango wa pili hadi kwenye benchi. Mama alikuwa ameketi wima, mkono wake uliofungwa ameupakata kwa ule mzima. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia wamekataa. Akauliza kwa nini, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Nikaketi chini sakafuni mbele yake, maana kwenye benchi singeweza, nikamwambia kwamba haikuwa mashine. Nikamwambia ni mimi niliyeandika ile saa, na ni mimi niliyesema kiwanda kichague mfumo usiorudi nyuma, na siku ile nyumbani kwake nilimdanganya.

Mwanawe akanitukana, kwa Kigiriama, na tusi lenyewe nililielewa. Nilistahili zaidi ya hilo. Mama akamnyamazisha. Hakulia, hakunifariji, wala hakuniita mwanangu.

"Mikono yako ni mizima yote miwili," akasema. "Andika tena."