Sawa ya Jirani

Mimi siamini cha bure. Sikukiamini Tanga nilikozaliwa, seuze Johannesburg, mji ambamo hata taa ya barabarani ikiniruhusu kuvuka nageuza shingo kwanza kushoto na kulia. Kwa hiyo jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani kutoka Bukavu, alipojitolea kumfundisha binti yangu hesabu bila malipo, nilijiuliza: huyu anataka nini kwetu?

Tuliishi ghorofa moja pale Joubert Park, milango inatazamana. Ilikuwa miaka michache kabla ya korona. Binti yangu alikuwa darasa la tisa, na shule ilishatuambia kwamba akifeli mtihani wa mwisho wa mwaka atahamishiwa hesabu nyepesi, na hapo ndoto yake ya ufamasia ndiyo basi tena. Hesabu zangu mimi ni za kuuza mitandio Fordsburg. Za pembetatu siziwezi. Nikamruhusu aende, moyo hautulii. Jirani alikuwa mwanakwaya, sisi Waislamu. Nikasema, ahaa, ataanza na pembetatu, atamalizia na ubatizo.

Siku moja nikapiga hodi na kuingia kabla sijakaribishwa, nimeshika sahani ya vitumbua kama kisingizio. Nikawakuta wameinamia meza ya kukatia nguo. Jirani alikuwa amekata pembetatu mbili za karatasi ya kaki, moja ndogo kama sambusa, nyingine kubwa kama mtandio uliokunjwa.

"Unaona?" alikuwa akimwambia binti yangu. "Hii ya kidogo na hii ya mukubwa, iko sawa."

Sahani nusura inidondoke.

"Sawa kivipi, mama? Moja ndogo, moja kubwa, mtoto ana mtihani, wewe unamwambia ziko sawa? Ungenikatia gauni hivyo ningesema umeniibia kitambaa!"

Hakukasirika, na hilo likanitia shaka zaidi. Akaichukua ile ndogo, akaipachika kwenye kona ya ile kubwa. Ikakaa. Kona ya pili ikakaa, na ya tatu.

"Kona ni ileile, mama. Ukubwa njo inabadilika."

Nikanuna. Kwetu sawa ni sawa, haizidi wala haipungui. Jirani akanitazama, akamtazama binti yangu, naye kakunja uso vilevile, akaangua kicheko.

"Muangalie huyu mutoto! Iko sawa mama yake!"

Toba! Ndipo nilipoelewa. Sawa ya kwao si kulingana, ni kufanana. Niliona haya, lakini haya haziondoi shaka. Tulipoingia kwetu nikamuuliza binti kama anamwamini yule mama. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anampenda sana, ila kila pembe anayoambiwa huja kuipima upya mwenyewe kwa kipimapembe chake. Tena anataka kujua kama kona kukubaliana kunatosha kwa kila umbo, au kwa pembetatu tu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kwenye mtihani wakaletewa mistatili miwili, mmoja ndani ya mwingine, mfano wa picha na fremu yake. Je, inafanana? Wenzake wengi waliona kona zote ni zilezile wakajibu ndiyo. Yeye akagawanya urefu kwa urefu, upana kwa upana, na majibu mawili yakakataa kupatana. Akaandika hapana. Alifaulu kwa shida, na bila swali lile asingefika.

Siku ya matokeo alibisha mlango wa jirani kabla ya wangu. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Nilipotoka nikamkuta yule mama amemkumbatia, anamuuliza alijuaje mistatili ile haifanani, na hilo yeye hakuwahi kumfundisha.

Binti yangu, ambaye Kiswahili alikuwa hakisemi hata umpe dhahabu, alinitazama mimi.

"Sikuiamini," akasema.