Mkono Niliouachia Majini

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya kijito huko delta ya Rufiji, maji yananifika kifuani, na mkono wa mtu umo mkononi mwangu. Nitakufikisha hapo, usiwe na haraka. Wewe unanijua kama Kocha Zena wa uwanja wa Kibiti, mama mwenye filimbi shingoni na goti bovu, na pengine umesikia kwa watu kwamba zamani nilitokea kwenye runinga. Nasikia na wewe umejaza fomu za shindano la runinga. Sikukatazi. Kaa tu unisikilize.

Kwetu ni Dimani. Wazee wangu ni Wamatumbi, watu wa mihogo na korosho, waliohamia kutoka vilima vya kusini. Maji tulichota kisimani. Mto Rufiji tuliujua kwa habari zake, na habari zake zilikuwa za vilio: fulani alikwenda kufua, ikaonekana kanga tu, fulani alikwenda kuteka maji, ikaonekana ndoo. Bibi yangu mzaa mama, Bi Tatu, alinilea kwa hofu hiyo. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alikuwa akisema. "Mimi nataka kwangu kuende kicheko." Mimi nilipopata kusoma kidogo nikaiona hofu ile ni ushamba, nikaionea haya.

Nilipofika miaka ishirini na tisa nilikuwa nafundisha mpira wa pete katika shule moja pale Kibiti, na mwisho wa wiki naimba kwenye harusi na kikundi chetu cha ngoma. Basi likatangazwa shindano la televisheni. Watu kumi na wawili wangewekwa kambini kwenye kisiwa kimoja cha delta, wapewe majaribio ya nguvu na akili, na kila wiki watazamaji wapige kura kwa simu, mmoja atoke. Walitaka watu wenye vipaji zaidi ya kimoja. Mimi kocha, mimi mwimbaji, tena mwenyeji wa huku huku. Nikachukuliwa.

Mwongozaji wa kipindi alikuwa kijana wa Dar es Salaam, jina lake Benja, mcheshi, maneno yamejaa mdomoni. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya kamera akasema, "Kocha Zena, wewe ni binti wa Rufiji. Mamba wanakujua kwa jina, siyo?"

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo nilipopotea, hata kabla sijalowa nyayo. Ningeweza kusema, "Hapana, kaka, mimi mtu wa mihogo, hata kuogelea sijui." Neno hilo lingechukua muda gani? Badala yake nikashika kiuno, nikacheka, nikasema, "Mamba wakiniona huniamkia."

Kambi nzima ikapiga makofi. Siku ya tatu nikawa nimeshalitungia wimbo neno hilo:

*Mimi mtoto wa mto, maji ndiyo mkeka wangu,*
*Mamba hunipa shikamoo, hunipisha njia yangu.*

Wakauonyesha. Haikupita wiki mbili nikaletewa habari kwamba watoto wa Kibiti na Ikwiriri wanauimba wakitoka shule. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi sikuwa na tembo. Nilijitia majini mwenyewe.

Chumba nililala na Pendo, msichana wa Singida, mkimbiaji wa mbio ndefu na mwanakwaya. Alikuwa hajapata kuona maji mengi namna ile maisha yake yote, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa. Akioga alisimama mbali na ukingo, akanyoosha mkono na kopo kama mtu anayelisha mbwa mkali. Siku moja tulipokuwa tukisukana akaniambia, "Dada Zena, Mungu amenipenda kunipanga na wewe. Siku ya jaribio la maji nitakushika bega."

"Shika, mdogo wangu," nikamjibu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Benja alipokuja na karatasi ya jaribio la siku, moyo wangu ulisimama mpaka aisome. Leo kamba. Leo kubeba magogo. Leo mafumbo. Nilikuwa navuta pumzi, nasema alhamdulillah kimoyomoyo, halafu naanza upya kuogopa kesho yake. Na kila nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kujisifu. Mwanangu, mtu anayejisifu sana mguse mkono. Utaukuta wa baridi.

Siku ya maji ikafika, wiki ya tano. Jaribio lilikuwa la timu mbili. Kila timu ya watu wanne ivuke kijito penye mikoko, ikachukue bendera ng'ambo, irudi nayo. Wa kwanza kufika wote wanne ndio washindi. Mama mmoja wa kisiwani, Bi Somoe, mvuna kaa, alikuwa amekodiwa kutuonyesha njia. Alitukusanya akatwambia kwa sauti ya taratibu:

"Maji yakipwa, hapa ni magotini. Lakini leo ni bamvua, maji makubwa, na yakianza kurudi hayabishi hodi. Yakiwakuta ng'ambo, msivuke. Pandeni kwenye mizizi ya mikoko mkae, nitawafuata kwa mtumbwi. Na pale kwenye kona," akaelekeza kwa kidevu, "pana mwenyewe."

Pendo akaninong'oneza, "Mwenyewe ndiye nani?"

Nilijua. Watu wa huku wakiwa kando ya maji hawamtaji mamba kwa jina. Lakini nikamwambia, "Mwenye shamba."

Kwenye boti ya kamera palikuwa na maboya ya kuvaa. Benja akauliza nani anataka, na kamera ikanigeukia mimi kwanza. "Mtoto wa mto havai boya," nikasema. Pendo alikuwa ameshanyoosha mkono kulichukua. Akanitazama, akaurudisha.

Tulivuka salama, maji ya magotini kama tulivyoambiwa, ila tope lilikuwa likivuta miguu. Bendera tukaipata upesi. Tungegeuka pale pale, mwanangu, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini Benja akapiga kelele kutoka kwenye boti, "Kocha, tupe wimbo hapo hapo!" Nikauimba. Akasema upepo umeharibu sauti, nirudie. Nikaurudia, na mikono nikaipunga.

Maji yalikuja bila mlio. Kaa waliokuwa wametapakaa kwenye tope wakaingia mashimoni. Pendo akanivuta kanga. "Dada, mbona nyayo zetu hazionekani tena?"

Wenzetu wawili wa kiume hawakungoja. Walikimbia, wakatoka upande wa pili maji yakiwa kiunoni. Timu nyingine nayo ilikuwa inamalizikia. Tukabaki mimi na Pendo na bendera. Maneno ya Bi Somoe yalikuwa masikioni mwangu, mapya kabisa, na mizizi ya mikoko ilikuwa hatua tatu nyuma yangu. Nilitaka kupanda pale nilie. Lakini kamera ilikuwa inanitazama. Niliuogopa mto, ndiyo. Ila niliogopa zaidi watu wajue kwamba nauogopa.

"Twende," nikasema. "Mimi nayajua haya."

Akanishika mkono. Hatua ya kumi maji yakawa tumboni, na yalikuwa yanasukuma kwa ubavu, kama watu wengi wanaokusukuma sokoni bila kukuona. Yakafika kifuani. Tope likameza mguu wangu wa kushoto. Pendo alikuwa anasema zaburi, nasikia meno yake yakigongana. Ndipo nikatazama upande wa kona, nikaona kitu cheusi juu ya maji, kirefu, kimya. Hadi leo sijui kama kilikuwa gogo au kilikuwa mwenyewe. Nilihisi tu mkojo umenitoka ndani ya maji. Pendo akateleza, uzito wake wote ukaniangukia mkononi, kichwa chake kikazama kikaibuka, na macho yake yakanitafuta.

Nikamwachia.

Sikuponyokwa, mwanangu. Watu husema "aliniponyoka." Mimi nilifungua vidole, kimoja baada ya kingine, huku najua ninachofanya. Nikajitupa kwenye mzizi uliochomoza, nikaukumbatia, nikafumba macho. Nilimsikia akiita "Dada!" mara mbili. Mara ya tatu haikuwa sauti tena, ilikuwa maji.

Aliyemtoa ni Bi Somoe. Alikuja kwa mtumbwi wake mdogo, upondo wa kusukumia mkononi, akapita kati ya mimi na ile kona bila kutazama kulia wala kushoto, akamkamata kwa nywele tulizosukana pamoja, akamburuta mpaka kwenye tope. Pendo akatapika maji mengi. Nami nikajivuta mzizi kwa mzizi mpaka pale, nikapiga magoti kichwani pake, nikalia kwa sauti. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini kamera nayo ilikuwa imeshafika.

Pendo alipelekwa hospitali, hakurudi kambini. Kipindi kilipoonyeshwa, watu waliniona nimemshika mkono katikati ya maji, halafu wakamwona amelala topeni nami nalia juu yake. Katikati walikata. Mtangazaji akasema, mtoto wa mto amemwokoa mwenzake. Kura zikamiminika kama mvua ya masika. Nikabaki mpaka mwisho. Nikashinda.

Nilirudi Kibiti kwa ngoma na vigelegele. Wasichana wa timu yangu waliandika jina langu kwenye fulana. Na mimi, mwanangu, sijapata kuogopa maishani kama nilivyoogopa miezi ile. Simu ikilia, naiacha iite: ni Pendo huyo. Mgeni akiulizia kwangu, nachungulia dirishani kwanza: ndugu zake hao. Maji ya kuoga siwezi kujimwagia kichwani. Nikiwa uwanjani binti akanishika mkono kunisalimia, nauvuta kama nimeungua.

Nikaenda Dimani kumwamkia bibi yangu. Nilimkuta anapepeta mchele uani.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Alipepeta mpaka akamaliza ule uliokuwa kwenye ungo. Kisha akasema, "Nilikuona kwenye runinga ya mwenyekiti. Watu walishangilia. Mimi nikajiuliza, huyu mjukuu wangu hajui kuogelea. Yule binti wa watu ametolewa na nani?"

Nikakaa chini nikamweleza yote, mpaka vidole.

Akasema neno ambalo silisahau: "Zena, mimi nilikufundisha kuogopa maji. Kuogopa watu nani alikufundisha? Nenda kwa yule mtoto. Marahaba yako utaikuta hapa ukirudi."

Nikapanda basi, nikaenda Singida. Pendo nilimkuta kwao, anafundisha watoto kukimbia kwenye uwanja wa vumbi. Alikonda kidogo, kifua bado kilikuwa kinamsumbua. Aliponiona hakukimbia wala hakunitukana. Mama yake akatuwekea chai, akatuacha.

Nikasema, "Pendo, mkono wako sikuponyokwa nao."

"Najua," akasema. "Nilivihisi vidole." Akakizungusha kikombe mezani. "Hilo nimekusamehe zamani, dada. Pale hata mimi ningefungua. Lakini tulilala chumba kimoja wiki tano. Ungeniambia mara moja tu kwamba na wewe huyajui maji, nisingeingia. Tungepanda kwenye mizizi wote wawili tukaogopa pamoja."

Mwanangu, nilitegemea matusi. Matusi yangekuwa nafuu.

Niliporudi, siku ya mechi, watu wamejaa uwanjani, nikaomba kipaza sauti nikasema kweli yote, na jina la Bi Somoe nikalitaja kwa heshima yake. Mama mmoja akaja mstarini, akamshika binti yake, wakaondoka. Benja alinipigia akanifokea kwamba nimemharibia kazi. Wimbo ule watoto waliuacha, haukumaliza mwezi. Timu ilikuwa na wasichana kumi na wanne, mazoezi yaliyofuata wakaja watano. Nikaanza nao hao watano, na tangu hapo kila msichana mpya akija kwangu, kabla hajashika mpira, namwambia kwanza ninachokiogopa mimi, kisha naye aniambie chake. Mwezi uliopita tulikwenda kucheza Mohoro. Gari lilipofika kwenye daraja la Rufiji nikafumba macho, wasichana wakanicheka mpaka upande wa pili. Niliwaacha wacheke.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine kubwa. Huko uendako watakupa jina zuri ambalo si lako. Litakukaa vizuri, litapigiwa makofi, na usipolivua siku ya kwanza, siku ya pili litakuwa zito zaidi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sema "sijui" mapema, ukiwa bado nchi kavu, watu wanapoweza kucheka tu na kusahau. Imba, cheza, shinda ukijaliwa. Lakini mtu akikushika mkono kwa kuamini maneno yako, hakikisha maneno hayo ni ya kweli, kwani yeye ameyaweka maisha yake humo. Na kama umeshadanganya, usingoje ufumaniwe. Panda basi, nenda kamwambie, hata kama miguu inakataa.

Nenda, mwanangu. Mola akutangulie kila mahali utakapokanyaga, akupe ulimi mwepesi wa kukiri na moyo usiouza hofu yake kwa makofi. Akurudishe kwetu mzima, na wote utakaokwenda nao awarudishe wazima kwa mama zao. Amin.