Bi Nasim na Duara la Jikoni

Pushpa wa ghorofa ya chini, aliyekulia Mwanza, ndiye aliyeanza kuyasema. Eti Bi Nasim anachora duara la chaki sakafuni mwa jiko, anapiga mistari, kisha ananong'ona. "Huo ni uganga wa Unguja," alimwambia Placida kwenye lifti, akimtazama mtoto Generosa mgongoni mwa mama yake. "Na ukuta wenu ni mmoja. Shauri yako."

Jumapili Placida alikaanga vitumbua, akagonga mlango wa jirani.

Duara lilikuwepo kweli, wala Bi Nasim hakulificha. Alimwambia aruke asije akalifuta, akampakata mtoto, akaeleza. Mapinduzi yalimkuta skuli huko Unguja, msichana wa miaka kumi na tano. Baba yake akawahamisha wote, hesabu zikakatikia njiani. Alipofika London akaingia jikoni, kwenye uwanja wa ndege kule Hounslow, akapika mpaka akastaafu. Sasa alikuwa akisoma masomo ya jioni hapa Wembley, na darasa lilikuwa limefika palepale alipoachia: unapewa umbali wa nukta kutoka katikati na pembe yake, nawe useme iko kulia kiasi gani na juu kiasi gani.

"Umbali kumi, pembe thelathini," alisema, akionyesha kwa kidole cha mguu. "Kulia ni umbali mara kosaini ya pembe, karibu tisa. Juu ni umbali mara saini, tano. Mimi niliandika kulia tano, juu karibu tisa."

Placida, aliyeishia darasa la saba, aliuliza kama alikosea kuzidisha.

"Kuzidisha sikukosea. Nilikosea pa kuanzia."

Miaka yote ya London alitafuta kibla kwa dira: unaanzia kaskazini, unazunguka kama mshale wa saa. Kumbe darasani pembe huanzia mkono wa kulia, ikapanda kuelekea kushoto. Karatasi nzima ikaharibika. Mwalimu akamshauri ashuke kwa wanaoanza. Mwanawe naye akamwambia, kwa Kiingereza chake cha hapahapa, kwamba umri huo ni wa kulea wajukuu. Wote wawili aliwakatalia. Alimtaka mwalimu ampe mtihani mwingine, na akishindwa atashuka mwenyewe. Mtihani ulikuwa kesho.

Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akapiga magoti, akaweka chaki katikati ya duara. Placida akauona mkono unapanda moja kwa moja kaskazini. Bi Nasim naye aliuona, akaufuta mstari kwa kiganja, akasonya.

"Sitoshuka," alisema, bado yuko chini. "Mara ya kwanza walinitoa darasani wala sikuulizwa. Safari hii nimeulizwa, na jibu langu ni hapana."

Akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa hapo, Mama Generosa. Nitajie umbali wowote na pembe yoyote unayotaka. Na ukiuona huu mkono unaanzia juu, upige kofi. Usinionee haya."