Televisheni Migombani

Mwanangu aliponipigia simu kuniambia kwamba mjukuu wangu atapokea Komunyo ya kwanza, nilianza kufikiria gauni la kuvaa kabla hajamaliza kusema. Akanikatiza. "Mama, usijisumbue na safari ya Dar. Ni misa tu, halafu tunarudi nyumbani kula wali. Utaiona yote kwenye tivii." Nikasema sawa. Magoti yangu ni mabovu kweli, ila sikupenda jinsi alivyoyakumbuka haraka.

Televisheni yenyewe aliileta Krismasi, kubwa kuliko ukuta unavyostahili, pamoja na ruta ya intaneti yenye vitaa vya kijani. Siku zile nyumba yetu hapa Mwika ilijaa watu, vyumba vyote wazi, na mtandao ulishika bila shida. Kisha wakaondoka. Huku kwetu mtoto akijenga nyumbani anakuwa na chumba chake, na akienda zake anaondoka na ufunguo mfukoni. Mama anabaki kulinda milango. Ruta aliiacha mezani chumbani kwake, akaifungia kwa mlango wa chuma kana kwamba mwizi ni mimi. Tangu hapo televisheni ikawa inashika mtandao ikipenda, na mara nyingi haikupenda.

Jumapili ya Komunyo ikagoma kabisa. Nilizima, nikawasha. Nikachomoa waya ukutani, nikasubiri, nikachomeka tena. Nikaandika nenosiri kwa rimoti, herufi moja moja, kazi ya kumtoa mtu kwenye neema. Nikampigia mwanangu, hakupokea, alikuwa kanisani. Roho iliniuma. Mtoto yule nilimwogesha mwenyewe kabla hata kitovu hakijadondoka, na sasa nakosa siku yake kwa sababu ya mlango.

Nikampigia fundi wa Moshi mjini, yule aliyekuja kutufungia intaneti.

"Shikamoo bibi. Ruta iko mbali na tivii?"

"Marahaba. Iko chumbani, na chumba kimefungwa."

"Basi ilete sebuleni."

"Baba, nimekwambia kimefungwa. Ufunguo uko Dar."

Akacheka kidogo. "Basi ipeleke tivii kwenye dirisha la hicho chumba, bibi. Mtandao haupiti kwenye chuma, ila kwenye kioo utapita."

Dirisha lile linatazama migombani. Nikamwita jirani yangu, mjane mwenzangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka misa ya kwanza. "Yaani tuitoe tivii nje kama mbuzi?" aliuliza, lakini alishika upande wake. Tuliiweka juu ya meza ya jikoni, tukavuta waya wa umeme kupitia mlango wa nyuma. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, kwa hiyo aliifunika televisheni kwa mwavuli wake, yeye akalowa. Nikabonyeza alama ya mpiga picha anayerusha misa za parokia yao ya Dar, kama mwanangu alivyonifundisha. Picha ikaja. Nililia, na sioni haya kusema.

Nilimwona mjukuu wangu na gauni lake jeupe, mshumaa mkononi, amekaza uso kama marehemu babu yake. Alipopokea, mimi na jirani tulipiga ishara ya msalaba pale migombani. "Aika," nikamwambia jirani kwa Kichaga, maana asante ya Kiswahili niliiona ndogo.

Misa ikaisha, lakini mpiga picha hakuzima. Tukaona magari, kisha ukumbi wenye mapambo na meza nyingi. Tukawaona binti zangu wawili wamevaa sare na mke wa mwanangu. Sare! Kitambaa cha sare hakinunuliwi na kushonwa asubuhi moja. Kisha ikaingia ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, majani mdomoni, watu wakicheza kuizunguka. Huku kwetu ndafu haikatwi bila bibi kuitwa, na mshereheshaji alimwita bibi. Akasimama mama mkwe wa mwanangu, na yeye kwa sare ileile. Mjukuu wangu akamlisha kipande cha kwanza, vigelegele vikapigwa.

Jirani alikuwa ameacha kutazama televisheni, ananitazama mimi. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Simu ikalia. Alikuwa mwanangu, muziki ukisikika nyuma yake.

"Mama! Umetuona?"

"Kuona wapi, baba. Mtandao umekataa tangu asubuhi."

Alishusha pumzi. Nilisikia kabisa. "Pole, Mama. Lakini hujakosa kitu. Ilikuwa misa tu. Sasa hivi ndiyo tunakula wali hapa."

"Kuleni vizuri," nikasema. "Mbusu mtoto."

Jirani alikunja mwavuli, akashika upande wake wa televisheni, akaningoja nishike wangu.